Wimbo huu ni wa nani?



Mwezi wa pili ukiingia tu, vikundi vinaanza mazoezi ya nyimbo za tarehe 8 Machi. Na kila mwaka ugomvi ni ule ule. Kikundi kimoja kinaimba wimbo wake mpya, kingine kinasimama na kusema: "Wametuibia!" Maneno si yale yale. Hawa wanaimba juu ya masomo ya wasichana, wale wanaimba juu ya amani. Lakini ukifunga macho usisikilize maneno, unaona ni kama mtoto mmoja amevalishwa vikwembe viwili.

Mwaka huu barua mbili zimetufikia, kila moja ikilalamikia nyingine. Sitataja kikundi hata kimoja, na sitakata kesi kwa karatasi, maana wimbo hausikiki ndani ya barahasha. Lakini ninaona jambo lenyewe halieleweki vizuri kati yetu. Tunaita wizi kitu kisicho wizi, na kitu ambacho ni wizi kweli tunakiacha kipite. Basi leo tulizungumze.

Tuanze na gitare. Wamama wa korali wanajua do, re, mi. Ukipiga do, mi na sol pamoja kwa mara moja, hiyo ndiyo akordi ya Do. Kuna akordi nyingine ya Fa, na nyingine ya Sol. Kwa hizo tatu peke yake unaweza kuimba usiku mzima wa matanga mpaka jogoo awike, na hautarudia wimbo. Rumba yetu kwa sehemu kubwa inatembea juu ya akordi hizo tatu. Nyimbo za kanisa nyingi vilevile. Mpiga gitare anatoka Do, anapita Fa, anafika Sol, anarudi nyumbani Do. Ni njia ya miguu ambayo kila mtu amepita, wala hakuna aliyeilima peke yake.

Mimi ninaifananisha na sombe. Kila mmoja wetu anatwanga majani, anatia mafuta ya mawese, kitunguu, chumvi, na ndagala kama feza ipo. Hakuna mama anayeweza kusimama sokoni na kusema sombe ni yake, wengine wote wakome kupika. Lakini kama umepika chungu chako, umekaa na moshi tangu asubuhi, halafu mimi ninakuja, ninakitoa jikoni kwako na kuwapakulia wageni wangu nikisema nimepika mimi, hapo jambo limegeuka. Akordi ni namna ya kupika sombe. Melodia, yaani ile sauti unayoimba mwenyewe ikipanda na kushuka juu ya gitare, ndiyo chungu.

Huku kwetu Katanga tuna mfano mzuri. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtu aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta kijana mmoja Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, wa Bunkeya. Alipiga "Masanga" kwa gitare moja, kidole gumba kikipiga sauti za chini na cha shahada kikicheza juu, na ukisikiliza unaapa kwamba wapigaji ni wawili. Vijana wengi walijifunza namna ile, hapa kwetu na hata Nairobi, ambako Mwenda na ndugu yake Edouard Masengo walikwenda kupiga. Je, vijana wale walimwibia Mwenda? Hapana. Walijifunza mkono wake, kama binti anavyojifunza mkono wa mama yake jikoni. Lakini "Masanga" yenyewe ni ya Mwenda, na atakayeipiga aseme ni ya Mwenda.

Na tukitaka kuwa wakali sana juu ya nani amechukua kwa nani, hata rumba yetu itatushinda. Babu zetu wa Kongo walipelekwa Cuba katika utumwa, na ngoma zao zikaingia katika muziki wa kule. Halafu, tangu mwaka 1933, disiki za Cuba zenye alama GV zilianza kuuzwa huku Afrika, na vijana wa Léopoldville wakazisikia, wakaona ni kama sauti ya nyumbani imerudi kutoka safari. Wakaiga. Wengine waliimba hata Kihispania wasichokijua! Mwaka 1960 Joseph Kabasele na African Jazz walipoimba uhuru wetu kule Bruxelles, wimbo ule ulibeba jina la dansi ya Cuba: "Indépendance Cha Cha". Nani atamdai mwenzake hapo?

Tribinali za Ulaya na Marekani nazo zimekwisha kusumbuka na neno hili. Mwezi wa tano mwaka 2023, mjini New York, raia waliochaguliwa kuamua kesi walimsikiliza Ed Sheeran, mwimbaji Mwingereza ambaye watoto wenu wanamjua. Walioshitaki walisema wimbo wake "Thinking Out Loud" umechukua akordi nne na mwendo wa "Let's Get It On", ambao Marvin Gaye aliuimba mwaka 1973. Sheeran alipanda na gitare mbele ya tribinali, akaonyesha kwamba akordi zile ziko katika nyimbo nyingi. Akashinda. Aliyemshitaki alikuwa binti wa Ed Townsend, aliyetunga wimbo ule pamoja na Gaye. Ninamwelewa binti yule, alikuwa akilinda alama ya baba yake. Lakini ninaona waliamua sawasawa. Kama akordi zingekuwa na mwenyewe, hakuna kikundi chetu kimoja kingeweza kufungua kinywa tarehe 8 Machi pasipo kulipa.

Sasa nitawaambia habari za mabinti wengine, ambao wao haki ilikuwa upande wao.

Afrika ya Kusini kulikuwa na Mzulu, jina lake Solomon Linda. Hakusoma sana. Alikuja Johannesburg kutafuta kazi, na kampuni ya disiki iitwayo Gallo ikamwajiri kufungafunga disiki zao. Jioni aliimba na wenzake, kikundi chao kikiitwa Evening Birds. Mwaka 1939 waliingia chumba cha kurekodi na kuimba "Mbube", maana yake simba. Wenzake waliimba sauti za chini, zikizunguka juu ya akordi zile zile tatu nilizowaambia, njia ya wote. Na Linda juu yao aliimba kwa sauti nyembamba ya kupanda. Karibu na mwisho alitoa melodia fupi ambayo hakuwa ameiandaa, ikamtoka tu.

Melodia ile fupi ndiyo dunia nzima inaijua leo.

Disiki ile ilipendwa sana kwao. Ikafika Marekani, mikononi mwa mwimbaji Pete Seeger. Yeye na kikundi chake, The Weavers, hawakusikia vizuri neno la Kizulu, wakaliimba vile lilivyowafikia masikioni, na wimbo ukaitwa "Wimoweh". Mwaka 1961 kikundi kingine cha Marekani, The Tokens, kiliimba melodia ile kwa maneno mapya ya Kiingereza juu ya simba anayelala, nayo ikashika nafasi ya kwanza nchini mwao. Tangu hapo imeimbwa na watu nisioweza kuwahesabu. Mwaka 1994 ikaingia katika filme ya katuni ya Disney, "The Lion King". Mama aliye na mtoto na televisheni nyumbani ameisikia, hata kama hajui ameisikia.

Na Linda je? Alipewa shilingi kumi kwa haki zake. Mwaka 1962 alikufa, maskini, na mjane wake Regina hakuwa na feza ya kuweka jiwe juu ya kaburi. Wamama, ninyi mmoja mmoja mnajua kazi ya kulea watoto pasipo baba. Regina alilea hivyo, huku melodia ya mume wake ikilia katika radio za dunia nzima. Karatasi zililetwa, na mjane akatia sahihi. Baadaye mabinti nao wakatia. Mmoja wa mabinti, Adelaide, alikufa na Ukimwi mwaka 2001.

Mwaka 2000 mwandishi mmoja wa Afrika ya Kusini, Rian Malan, aliandika habari hizi zote katika gazeti la Marekani. Hapo ndipo aibu ilipoanza kutembea. Maavoka wakachimba, wakakuta sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911. Inasema kwamba miaka 25 baada ya mtungaji kufa, haki zinarudi kwa wazao wake, hata kama aliziuza. Linda alikufa mwaka 1962. Hesabu mwenyewe, ni 1987. Mwaka 2004 Disney ilishitakiwa kule Afrika ya Kusini. Mwezi wa pili mwaka 2006 pande zote zilipatana kabla ya hukumu. Mabinti watatu waliobaki wakapata kulipwa, na jina la baba yao likatambuliwa kati ya watunzi wa wimbo.

Tazameni vizuri tofauti. Binti wa Townsend alidai njia, na njia ni ya wote. Mabinti wa Linda walidai chungu. Akordi tatu za "Mbube" zingechukuliwa na yeyote, wala hakuna ambaye angesema neno. Ilikuwa ile melodia iliyomtoka mtu mmoja, siku moja, katika chumba kimoja, wengine wakaila kwa miaka zaidi ya arobaini.

Wala si Linda peke yake. Wale wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 1989, Lambada ilipoingia Zaire, na namna tulivyovunja viuno. Melodia ile ilitoka Bolivia, kwa kikundi Los Kjarkas, waliokuwa wameiimba tangu 1981. Iliwabidi kushitaki ndipo wakapata haki yao. "Waka Waka" ya Shakira, ya Kombe la Dunia la 2010, kiitikio chake kimetoka Kameruni, kwa kikundi Golden Sounds, waliouimba mwaka 1986 kwa jina "Zangaléwa". Leo majina ya Wakameruni wale yameandikwa kati ya watunzi wa "Waka Waka". Manu Dibango, Mkameruni aliyepiga saksofoni pamoja na Kabasele hapa kwetu, alisikia kiitikio cha "Soul Makossa" yake ya mwaka 1972 ndani ya wimbo wa Michael Jackson wa mwaka 1982. Naye alidai, wakapatana.

Ninajua mmoja ataniuliza: "Lakini mama, mimi sikuiba. Ilinijia nikiosha vyombo." Ninakuamini. Hilo pia limefika tribinali. George Harrison wa kikundi cha Beatles aliimba "My Sweet Lord" mwaka 1970, na mwaka 1976 juji wa New York aliona melodia ni ile ya "He's So Fine", wimbo wa wasichana The Chiffons wa mwaka 1963. Juji hakumwita mwongo. Alisema Harrison alikuwa ameisikia zamani, ikakaa ndani yake, ikatoka akifikiri ni yake. Kichwa cha mtu ni kama sanduku la vikwembe: baada ya miaka hukumbuki kipi ulinunua na kipi uliazima kwa dada yako. Lakini hata hivyo Harrison alilipa.

Basi vikundi viwili vilivyotuandikia vifanye hivi. Mkae pamoja, pasipo ngoma, pasipo gitare, pasipo kupiga makofi. Acheni maneno yenu ya amani na ya masomo. Kikundi cha kwanza kiimbe wimbo wake kwa "la la la" tu, polepole. Kisha cha pili. Kama sauti zinapanda mahali pamoja, zinashuka mahali pamoja, zinapumzika mahali pamoja, tangu mwanzo mpaka kiitikio, basi melodia ni moja, na aliyetunga nyuma anawiwa neno na aliyetangulia. Kama zinaachana, na kilichowafananisha kilikuwa gitare na mwendo wa ngoma, mmepika sombe wote wawili, nendeni nyumbani kwa amani. Msiwape wanaume cha kuchekea.

Kuna jibu la tatu, na mimi ninalishuku kuliko yote. Inaweza kuwa melodia ni moja na si ya kikundi chochote. Mfano: ule wimbo ambao watoto wanajifunzia herufi shuleni, A, B, C, D. Wazungu wanauimbia watoto wao pia kwa maneno ya nyota. Ni melodia ya Kifaransa ya zamani, "Ah ! vous dirai-je, maman", na Mozart mwenyewe aliichezea kwa namna kumi na mbili zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Hakuna atakayekudai. Na wimbo ule tunaoimba mwisho wa mwaka wa shule, tukishikana mikono, "Ce n'est qu'un au revoir", melodia yake ni ya Scotland. Vikundi vingi vinatunga juu ya melodia kama hizi pasipo kujua, halafu vinapigana juu ya kitu ambacho hata mmoja hakukizaa.

Nyimbo za mabibi ni jambo jingine, nazo zinanisumbua. Wimbo wa kulaza mtoto, wa kutwanga, wa kumpeleka bibi arusi. Mtungaji alikuwepo, mwanamke fulani, kijijini fulani, lakini jina limepotea. Mkiimba wimbo wa namna hiyo, semeni umetoka wapi na ni nani aliyewafundisha. Haigharimu hata franka moja. Na msikubali mtu aje kuurekodi, kisha aandike jina lake kama mtungaji. Aandike "wimbo wa mapokeo", na jina la mahali.

Kwa nyimbo zenu wenyewe, mliozitunga kwa vichwa vyenu, kazi ni kidogo. Katibu wa kikundi awe na kaye ya nyimbo, si ile ya likelemba, kaye nyingine. Aandike tarehe, maneno yote, nani alileta melodia na nani alileta maneno. Mara nyingi ni watu wawili, na mwenye melodia anasahauliwa kwa sababu maneno ndiyo yanayoandikika. Kisha mwimbe mbele ya telefone, hata kama sauti si nzuri, na wamama wawili zaidi wapelekewe sauti ile ili telefone moja ikiibwa, mbili zibaki. Haki ya mtungaji inaanza siku wimbo unapozaliwa, lakini siku ya ugomvi utaombwa ushahidi, na "nilitunga mimi" si ushahidi.

Nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na kuna SOCODA, shirika linaloandikisha watunzi na kazi zao. Sisemi kila wimbo wa tarehe 8 Machi upelekwe kule. Lakini kama radio inaupiga wimbo wenu kila siku, au ONG fulani inautaka kwa tangazo lake, hapo musilale. Ulizeni ni nani atakayeandikwa kama mtungaji, na kama kuna malipo yanakwenda kwa nani. Karatasi ikiletwa kwa Kifaransa kigumu, isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya kikundi chote, na mtu asiye na haraka. Regina Linda aliletewa karatasi pia.

Vikundi viwili vikikwisha kuimba "la la la", mtuandikie matokeo. Ninyi wengine, kama mnajua nyimbo mbili zinazofanana kama mapacha, mtuletee majina yake kabla ya siku ya tano. Juma lijalo tutazungumza juu ya ndagala wa kukausha, na namna ya kuwalinda na wadudu wakati huu wa mvua.